Tafuta meza nyuma ya magunia ya mchele

Mgeni akishuka Houston akaniuliza ni wapi atapata chakula cha Kihindi cha maana, simpeleki kwenye hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani na taa hafifu. Nampeleka dukani. Tunapita mizani ya vitunguu na tangawizi, tunapita magunia ya basmati ya ratili 20 yaliyopangwa hadi kifuani, tunapita friza za bamia na mihogo, na huko mwisho kabisa, karibu na mlango wa stoo, tunakuta meza chache za plastiki, kaunta ya kioo na mama aliyefunika nywele kwa wavu. Hapo ndipo pa kula. Huo ndio msimamo wangu, na leo nautetea kwa kirefu, maana wapo watu wa kwetu walioishi huku miaka mingi na bado wanaona kula dukani ni kujishusha.

Mtaa wenyewe ni Hillcroft, kusini-magharibi mwa jiji. Mwaka 2010 eneo hilo lilipewa rasmi jina la Mahatma Gandhi. Anayetarajia mapambo ya sinema za Bombay atasikitika: ni maegesho mapana ya magari, majengo ya ghorofa moja, sonara, duka la sari, wakala wa tiketi za ndege, kinyozi, kisha duka la vyakula, kisha duka jingine la vyakula. Wapakistani wapo, Wairani wapo, Wamexico wapo. Raja Sweets, wauza vitamu, wapo hapo tangu 1985. Duka ninalolizungumzia zaidi leo silitaji jina, kwa kuwa nitalisifu halafu nitalisema.

Utaratibu ni mwepesi. Menyu iko ukutani juu ya kaunta, picha zimepauka kwa mvuke, na bei mpya zimebandikwa kwa karatasi juu ya bei za zamani. Unaagiza, unalipa, unapewa namba. Kama umeshachukua bamia na kotmiri, kikapu unakisukuma chini ya meza na hakuna atakayekuuliza. Maji unachota mwenyewe. Namba inaitwa kwa Kihindi kwanza, halafu kwa Kiingereza, na kama hukusikia, mtoto wa meza ya jirani atakugusa bega. Kwenye televisheni kuna kriketi, siku zote kriketi, na wazee wawili wanaobishana kuhusu mchezaji ambaye nadhani alistaafu zamani.

Sasa simama karibu na dirisha la jiko utazame dosa inavyopikwa. Rojo lake ni mchele na dengu nyeusi ziitwazo urad, vimelowekwa mbalimbali, vikasagwa, vikachanganywa na kuachwa usiku kucha vichachuke. Mpishi hunyunyiza maji kwenye chuma cha moto. Yakiruka na kukauka papo hapo, anajua joto limefika. Anapangusa, anamwaga upawa mmoja katikati, na kwa mgongo wa upawa uleule anazungusha kutoka ndani kwenda nje bila kuinua mkono, mpaka rojo linakuwa duara pana, jembamba kuliko chapati ya maji yoyote uliyowahi kula. Samli pembeni. Vitundu vidogo vinatokeza, kingo zinaanza kujiinua zenyewe, rangi inageuka kahawia. Anaweka viazi vilivyopondwa kwa haradali, manjano na pilipili mbichi, anakunja, anaondoa. Dosa hiyo ikikaa dakika kumi imekwisha: inalegea, inanywea, haina mlio tena ukiivunja. Ndiyo maana kuagiza dosa iletwe nyumbani kwa pikipiki au gari ni kutupa hela, na ndiyo maana mahali ambapo jiko liko hatua sita kutoka mezani panashinda jumba lolote lenye jiko chini na ukumbi juu.

Hoja yangu ya kwanza ndiyo hiyo, ya ufundi tu. Ya pili ni ya nani anapikiwa.

Hoteli ya Kihindi ya kawaida nje ya India imejengwa kwa ajili ya mtu asiyejua chakula hicho. Hilo si kosa, ni biashara. Kule Uingereza hoteli nyingi kati ya hizo zilifunguliwa na watu wa Sylhet, Bangladesh, wakatengeneza menyu moja iliyosambaa nchi nzima, kiasi kwamba mwaka 2001 waziri wa mambo ya nje, Robin Cook, alisimama akasema chicken tikka masala ni mlo wa taifa la Waingereza. Marekani hadithi inafanana: mchana bufee, usiku kuku wa siagi, naan, na swali la mhudumu kama unataka pilipili kidogo, wastani au kali. Kupika kwa watu wa nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja kunapunguzwa hadi mchuzi wa rangi ya machungwa.

Dukani anayekula ni mwenyewe. Ni fundi wa kompyuta kutoka Hyderabad aliyechoka, ni mama wa Kigujarati aliyekuja kununua unga wa ngano wa chapati, ni dereva wa teksi. Watu hawa hawahitaji kuelezwa. Kwa hiyo menyu inathubutu: vada pav ya Bombay, yaani kiazi cha kukaangwa ndani ya mkate, dhokla ya unga wa dengu iliyopikwa kwa mvuke, undhiyu wakati wa baridi, ambao ni mchanganyiko wa viazi vikuu, biringanya na maharage mabichi ya Surat, pakiti za thepla zenye majani ya uwatu karibu na keshia. Mpishi akikosea chumvi, ataambiwa kwa lugha ya mama yake mbele ya foleni nzima. Hakuna mkaguzi mkali kuliko huyo.

Na kuna pembe ya menyu inayoandikwa Jain, kwa waumini wa dini hiyo, bila vitunguu, bila vitunguu saumu, bila viazi. Waliokulia Nairobi karibu na jamii ya Oshwal wanajua habari hiyo. Maduka mengi ya Wagujarati hayauzi nyama kabisa, na hapo ndipo Mwislamu wa Pwani anakaa na Msabato wa Kisii na Mhabeshi aliye kwenye mfungo wake, kila mmoja na sinia lake, bila mtu kuuliza nyama imechinjwa na nani. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Nimeshakaa kwenye sherehe za watu wa kwetu ambako nusu ya wageni walikula saladi.

Kwa nini jiko liwe dukani, lakini? Kwa sababu duka lilitangulia. Kabla ya 1965 sheria ya uhamiaji ya Marekani iliwatengea watu wa India nafasi 100 tu kwa mwaka. Sheria ilipobadilishwa mwaka huo, wakaanza kuingia wahandisi, madaktari na wanafunzi, wakakuta nchi yenye kila kitu isipokuwa dengu. Mafat Patel alifika mwaka 1968 akitokea Gujarat. Mwaka 1974 yeye na nduguye Tulsi wakafungua duka dogo Devon Avenue, Chicago. Leo Patel Brothers wana matawi zaidi ya 50, na bidhaa za Swad unazozikuta jikoni kwa Mtanzania yeyote wa Dallas au Columbus ni za ukoo huohuo. Wateja wao wa mwanzo hawakutaka kupikiwa; walitaka mvuje na mchele. Hamu ya kupikiwa ilikuja bwana na bibi walipokuwa wote kazini, na mwenye duka, aliyekuwa na kila kiungo rafuni, hakuhitaji ila moto na sufuria.

Hata hao Patel hawakuwa wa kwanza. New York, kwenye nyumba namba 123 ya Lexington Avenue, Chester Arthur aliapishwa kuwa rais wa Marekani usiku wa manane mmoja wa Septemba 1881, saa chache baada ya mtangulizi wake kufariki kwa majeraha ya risasi. Ghorofa za chini za nyumba hiyo leo zinauza iliki, pistachio na achari: ni Kalustyan's, duka lililoanzishwa na Mwarmenia mwaka 1944, na sasa liko mikononi mwa watu wa Bangladesh. Panda ngazi, utapata kaunta ya chakula na meza. Berkeley, California, Vinod na Indira Chopra walianza kuuza chaat mwaka 1989 kwenye kona ya ghala lao la viungo. Watu wakaja kununua manjano, wakaonja, wakaacha manjano. Vik's Chaat leo ni ukumbi mkubwa, na bado kuna duka pembeni.

Aliyekula urojo Unguja hahitaji kufundishwa chaat. Ni kitu kilekile cha kuchanganya: kiazi, dengu, bajia zilizovunjwa, ukwaju, chatne ya kijani, kitu cha kukwaruza meno juu yake. Tofauti ni kwamba wao wanamwagia mtindi na sisi tunamwagia rojo la moto lenye ndimu na maembe mabichi. Nisiulizwe kipi bora. Mke wangu ni wa Unguja.

Hesabu za biashara zinavutia zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwenye hoteli Marekani hulenga gharama ya vyakula isizidi kama theluthi moja ya mauzo, kwa sababu theluthi mbili zilizobaki zina wenyewe: kodi ya jengo, wahudumu, bima, umeme, mfua vitambaa. Mwenye duka analipa kodi ya jengo hata asipopika. Taa zinawaka hata asipopika. Biringanya ambazo kesho hakuna atakayezitazama, leo zinachomwa juu ya moto, zinamenywa na kupondwa na nyanya. Maziwa yaliyobakiza siku mbili yanakuwa chai. Mchele anaununua kwa bei ya jumla kwa sababu yeye ndiye muuzaji wa jumla. Ndiyo maana anaweza kukuwekea sinia la mboga mbili, dengu, wali, chapati, achari na kitamu kwa bei ambayo hoteli ya jirani inakutoza kwa mchuzi peke yake, wali ukilipiwa mbali.

Halafu faida ya kweli haiko kwenye sinia. Aliyekula anaondoka na kikapu. Costco wanalijua hilo kuliko mtu yeyote: soseji yao na soda vimeuzwa dola 1.50 tangu miaka ya 1980, na hakuna anayetoka pale na soseji peke yake. Tofauti ya duka la Kihindi ni kwamba chakula kinaieleza rafu. Umeonja chole, ukahisi uchachu usio wa ndimu wala ukwaju. Muulize mama wa kaunta, atanyoosha kidole: njia ya nne, chini, unga wa maembe makavu. Hoteli ina siri. Duka linakuuzia siri hiyo kwa dola tatu.

Nije kwenye sambar, bakuli la mchuzi linalokuja na dosa, kwa sababu hapo ndipo mkulima wa Babati na wa Nachingwea anapoingia kwenye habari hii. Sambar ni mbaazi. Zimekobolewa, zimepasuliwa, zikachemshwa hadi kulainika, zikatiwa ukwaju, mlonge, nyanya na giligilani ya kukaanga. Mla mbaazi za nazi na mahamri kule Mombasa anakula kitu hichohicho. Ameongeza nazi tu na kuondoa ukali. India ndiyo nchi inayolima mbaazi nyingi kuliko zote duniani na bado hazimtoshi mlaji wake, kwa hiyo inanunua Myanmar, Msumbiji, Tanzania, Malawi, Kenya. Tena kwa zaidi ya miaka kumi, kuanzia 2006 hadi 2017, India ilizuia karibu aina zote za dengu na mbaazi zisiuzwe nje, na wafanyabiashara waliowalisha Wahindi wa ughaibuni ikabidi watafute pengine. Geuza pakiti ya toor dal, yaani mbaazi hizo, usome maandishi madogo ya nyuma. Si ajabu ukakuta jina la nchi ya upande wetu.

Na mlango wa India wa kununua unapofungwa, kishindo kinasikika Lindi. Agosti 2017, baada ya mavuno mazuri ya kwao, India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia. Bei Tanzania ikaporomoka. Waliokuwa wamepanua mashamba kwa kutazama bei za miaka miwili ya nyuma wakabaki na magunia majumbani. Mwaka 2021 mlango ukafunguliwa tena. Katika hayo yote, bakuli la sambar la Hillcroft halikubadilika hata kidogo, na walaji hawakujua. Korosho ni vivyo hivyo: sehemu kubwa ya korosho ghafi za Mtwara imekuwa ikipanda meli kwenda India na Vietnam kubanguliwa, kisha baadhi inarudi duniani ikiwa kaju katli, kile kitamu cheupe cha pembe nne chenye karatasi ya fedha juu, kilichopangwa kwenye kioo cha keshia. Ninakipenda sana, na kila nikikilipia nakumbuka anayeiokota korosho mwanzo analipwa nini.

Haya yote si habari za vitabuni kwa wenye maduka hayo. Siku moja nilikuwa nimesimama mbele ya friza nikisoma mfuko wa muhogo uliomenywa na kugandishwa, umeandikwa Costa Rica. Bibi mmoja wa Kihindi, sari ya pamba na sweta juu yake, viatu vya raba, akasimama karibu yangu akaniambia kwa Kiswahili safi: "Chemsha kwanza, mwanangu. Usiukaange mbichi, huu si kama wa kwetu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Tanga."

"Tanga! Mimi Mwanza. Mtaa wa Rufiji, unaujua?"

Tulikaa mezani tukanywa chai. Hakunisimulia habari za majonzi; alinisimulia bei ya sangara. Aliondoka Mwanza akiwa mama wa watoto wawili, akapita London, akaja Houston kumfuata mwanawe. Alikula dosa kwa mkono wa kulia, haraka, akaacha sambar nusu na kusema ina sukari. Ilikuwa na sukari kweli. Mpishi ni wa Gujarat, na Wagujarati wana mkono mtamu.

Njia ya bibi huyo ni njia ya wengi. Lakshmishankar Pathak aliondoka Kenya mwaka 1956 akafika London, akaanza kuuza sambusa na vitamu alivyopika mwenyewe nyumbani na mkewe, kisha akapata duka. Jina hilo leo liko kwenye chupa za achari na viungo vya Patak's duniani kote. Kampuni iliuzwa mwaka 2007 kwa Associated British Foods. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Mwezi uliofuata halmashauri ya jiji la Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende Leicester. Wakaenda. Waingereza walipokea watu kama 28,000, na Belgrave Road ya Leicester ikawa kama tunavyoijua leo: vito, sari, vitamu, mboga. Ealing Road, Wembley, Maru's Bhajia House ya familia iliyotoka Kenya bado inauza bajia za viazi za mtindo wa Nairobi, na menyu za mtaa mzima zina mogo, wa kukaanga na wa pilipili. Muhogo wetu uko kwenye ubao wa hoteli ya Wembley bila mtu kuona ajabu.

Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayekaa kwenye meza ya plastiki ya Hillcroft hali chakula cha wageni. Kachori, bajia, sambusa, chapati, biriani, pilau, achari, jilebi, chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi na iliki, vyote hivi alivikuta kwao. Nairobi walishayazoea mambo haya: Diamond Plaza ya Parklands ina maduka yake na ukumbi wake wa chakula, na wahudumu wanaokukimbilia na menyu kabla hujapata kiti. Dar es Salaam, Kisutu na mtaa wa Jamhuri, muuza dengu na muuza bajia hawajawahi kuwa mbali.

Sasa malalamiko, kama nilivyoahidi. Sahani za povu. Jamani, duka linalouza sinia za chuma kwenye rafu ya sita haliwezi kuchukua sinia ishirini likaziosha? Chakula cha moto kwenye sahani ya povu kinanuka sahani. La pili ni trei za kaunta. Duka hili linapika biriani ya mboga saa tano asubuhi na kuiacha juu ya maji ya moto hadi jioni. Saa kumi imeshakuwa uji wenye karafuu. Kanuni yangu ni rahisi: ukifika mchana, kula cha trei, ukifika jioni, agiza kinachopikwa ukiwepo, yaani dosa, uttapam, pav bhaji, chaat. Usidanganywe na rangi.

La tatu ni zito zaidi. Bei ndogo ina mtu anayeilipa. Wapishi wengi wa majiko haya ni wageni kuliko wateja wao, wanasimama saa nyingi, na wengine hawana Kiingereza cha kudai stahili zao. Kwa kuwa hakuna mhudumu wa kuja mezani, wateja wanaona bahshishi haihusiki. Inahusika. Pale kaunta kuna kikopo, usikipite. Naye mwenye duka asijifiche nyuma ya udugu wa lugha moja. Sheria ya mshahara wa kima cha chini inamhusu mpishi wa dosa kama inavyomhusu mpishi wa baga.

Lakini sikuandika makala hii kuwashauri Wahindi. Wao wanajua wanachofanya. Ninaowaandikia ni sisi.

Nimekaa kwenye vikao vya kutosha vya watu wa Afrika Mashariki huku, vya harusi, vya misiba, vya michango, ambako mtu anasimama mwishoni na kutangaza kwamba anafungua hoteli ya Kiswahili. Tunapiga makofi. Anaanza na jengo la kupanga kwa miaka mitano, anatundika ngao na mikuki ukutani, anachapisha menyu ya kurasa nane yenye nyama choma, ndizi nyama, samaki wa kupaka, wali wa nazi, ugali, mtori, chipsi mayai na vinywaji vya kila rangi. Wiki ya ufunguzi tunajaa kwa picha. Kisha tunarudi makazini, kila mtu ana zamu mbili, na Jumanne usiku ukumbi wa viti sitini una wateja wawili, mmoja wao shemeji wa mwenye hoteli. Nyama inaharibika kwenye friji. Mkataba wa jengo hauharibiki.

Wakati huohuo, mitaa michache tu kutoka hapo, kuna ndugu mwingine mwenye duka lililobanana la unga wa sembe, dagaa, majani ya chai ya Kericho, mafuta ya mawese, kadi za simu na vitenge. Kila Jumamosi duka hilo linajaa. Watu wanaingia kununua unga wanakaa saa nzima wakiwa wamesimama kwenye njia, wakibishana kuhusu Simba na Yanga au Gor na AFC, kwa sababu hakuna kiti. Wanaondoka na njaa, wanakwenda kula soseji ya Costco.

Huyo ndiye wa kupika. Ana kodi anayolipa tayari, ana mchele, ana viungo, ana friji, na zaidi ya yote ana watu waliokwisha kuingia mlangoni kwa sababu nyingine. Vibali vipo na si mzaha: idara ya afya itataka sinki lenye sehemu tatu, sehemu ya kunawia mikono, na Texas inataka mtu mwenye cheti cha usimamizi wa usalama wa chakula. Gharama hizo zipo, lakini ni ndogo kuliko mikuki ya ukutani na miaka mitano ya jengo. Wala hahitaji menyu ya kurasa nane. Sufuria moja ya pilau Jumamosi, kachumbari na ndizi pembeni. Jumapili asubuhi mbaazi za nazi na mahamri. Chai siku zote. Kikiisha kimeisha, na atakayekikosa wiki hii atawahi wiki ijayo.

Wapo watakaosema kwamba chakula chetu kinastahili heshima kuliko meza ya plastiki karibu na stoo. Heshima ya chakula ni kuliwa kikiwa cha moto na watu wanaokijua, wakalipa, wakarudi. Vik's ya Berkeley ilianza kwenye kona ya ghala na haikuona aibu. Hoteli ngapi za vitambaa vyeupe za mwaka 1989 zipo leo kwenye jiji hilo?

Basi wenye maduka wa Minneapolis, Columbus, Dallas na hapa Houston, mnanisikia. Ondoeni rafu moja ya kadi za simu, maana hakuna anayezinunua tena, mweke meza mbili na viti vinane. Mimi Jumamosi nitakuja na watoto, na bahshishi nitaacha.